Darasa la Chini ya Kanisa

Mwaka 1959, jijini Nashville katika jimbo la Tennessee, kulikuwa na vijana waliokuwa wakishuka jioni kwenye chumba cha chini cha kanisa moja la Kimethodisti kwenda kujifunza kupigwa. Mwalimu wao aliitwa James Lawson. Alikuwa amewahi kufungwa jela kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Korea, kisha akaishi India miaka mitatu akizisoma njia za Gandhi. Alipanga viti mstari mmoja, mfano wa kaunta ya mgahawa. Baadhi ya wanafunzi wakakaa, wengine wakasimama nyuma yao na kujifanya wahuni wa kizungu. Wakawapulizia wenzao moshi wa sigara usoni, wakawatukana, wakawavuta nywele, wakawasukuma mpaka sakafuni. Aliyekaa hakuruhusiwa kurudisha. Alifundishwa kujikunja akinge kichwa. Alifundishwa pia, na hili ndilo lililonikaa moyoni, kumtazama machoni mtu anayempiga, maana mkono huwa mzito pale macho yanapokutana.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa John Lewis, kijana wa miaka 19, mtoto wa wakulima wa Pike County huko Alabama. Utotoni alikabidhiwa kuku wa nyumbani awatunze, naye akawa anawahubiria, na kuku akifa anamfanyia ibada ya mazishi. Mtu wa namna hiyo huenda alizaliwa na somo la Lawson tayari kifuani. Hata hivyo alihudhuria jioni baada ya jioni, kwa sababu upole wa moyoni ni jambo moja na upole wa mwili ulioshikwa shati ni jambo jingine. Mwili nao lazima uende shule.

Tarehe 13 Februari 1960 darasa lilihamia mjini. Vijana zaidi ya 100 waliingia katika maduka ya Woolworth, Kress na McLellan's, wakanunua vitu vidogo vidogo, kisha wakaenda kukaa kwenye viti virefu vya kaunta ya chakula. Hapo ndipo mpaka ulipokuwa. Mtu mweusi aliweza kununua daftari, sabuni, hata soksi katika duka lile lile, na noti yake ikapokelewa bila neno, ila hakuweza kukaa na kunywa kikombe cha kahawa. Walipokataliwa kuhudumiwa walifungua vitabu vyao wakasoma. Februari 27 wahuni wa kweli walifika. Vijana walivutwa chini, wakapigwa ngumi, wakazimiwa sigara migongoni. Polisi walipokuja waliwakamata waliopigwa, wakawaacha waliopiga. Zaidi ya 80 walipelekwa mahabusu, Lewis akiwamo, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kundi moja likitolewa, kundi jingine lilikuja kukaa kwenye viti vile vile. Mei 10 maduka sita ya katikati ya jiji yalianza kuwahudumia watu weusi.

Nimelifikiria sana darasa lile siku hizi, kwa sababu ya simu ambayo kwa muda mrefu nilishindwa kuipiga.

Mazoezi ya Lawson yalikuwa ya kumkabili mtu usiyemjua. Mhuni wa Nashville hakuwahi kula kwako, hajui jina la mama yako, wala hamkuwahi kulala chumba kimoja safarini. Anakuchukia kwa rangi tu, na chuki ya rangi, pamoja na ukatili wake wote, ina jambo moja jepesi: haikuhusu wewe mwenyewe. Unaweza kuipokea na usiku ukalala. Je, yule aliyekula kwako? Je, wewe uliyekula kwake?

Lewis alikuwa na rafiki, Julian Bond. Walizaliwa mwaka mmoja, 1940, wakipishana siku 38. Hapo ndipo kufanana kunapokoma. Bond alikuwa mrefu, mtanashati, mwenye ulimi mwepesi, mwana wa msomi. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mweusi wa kwanza kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo alichosoma Kwame Nkrumah. Lewis alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye lafudhi nzito ya shamba. Walikutana katika SNCC, ile kamati ya wanafunzi iliyoanzishwa Aprili 1960 kwa juhudi za mama mmoja mwenye busara kubwa, Ella Baker. Bond alikuwa msemaji wake, mtu wa kuandika taarifa na kuwapigia waandishi wa habari. Lewis, aliyekuwa mwenyekiti tangu 1963, ndiye aliyeweka mwili wake mbele. Machi 7, 1965, katika maandamano ya kudai haki ya kupiga kura, kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, askari wa jimbo walimvunja fuvu la kichwa. Miezi mitano baadaye Marekani ilipata Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Mwaka kabla ya Selma wote wawili walikuwa Afrika. Septemba 1964 ujumbe wa SNCC ulialikwa Guinea, Lewis na Bond wakiwamo, pamoja na Fannie Lou Hamer aliyekuwa ametoka mashamba ya pamba ya Mississippi. Wenzao waliporudi Marekani, Lewis na mwenzake Donald Harris waliendelea na safari mpaka wakafika Nairobi. Huko, katika hoteli ya New Stanley, wakakutana na Malcolm X bila kupanga. Malcolm alikuwa mwaka uliotangulia amewasema vibaya sana walioandaa maandamano ya Washington, na Lewis alikuwa mmoja wa wasemaji wa siku ile. Sasa walikaa wakazungumza, watu wazima watatu waliokuwa mbali na kwao, bila kamera na bila jukwaa. Malcolm aliuawa Februari 21, 1965, siku ambayo Lewis alitimiza miaka 25.

Kila nikipita mitaa ile ya Nairobi huwaza jinsi ugeni ulivyowasaidia. Kuna watu ambao Mungu huwakutanisha safarini, mezani, mbali na mashabiki wao. Sisi wengine tunakaa wilaya mbili zilizopakana na tunapishana miaka.

Mwaka 1965 Bond alichaguliwa kuingia Bunge la Georgia. Januari 1966 wabunge wenzake walikataa kumwapisha, kura 184 kwa 12, kwa sababu aliunga mkono tamko la SNCC la kupinga vita vya Vietnam. Alikwenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Desemba ile majaji wote wakamrudishia kiti chake. Lewis naye mwaka huo huo aliondolewa kwenye uenyekiti wa SNCC, nafasi akaichukua Stokely Carmichael. Marafiki hawa wawili hawakupotezana. Miaka ya 1970 Lewis aliongoza mradi wa kuandikisha wapiga kura Kusini, na Bond akawa anafuatana naye vijijini, Bond akivuta watu kwa sura na maneno, Lewis akibaki nyuma kuhakikisha majina yameandikwa. Ninawaona ndani ya gari, madirisha wazi, vumbi la Mississippi likiingia, wakicheka.

Kisha ukaja mwaka 1986, na kiti kimoja cha Bunge la Marekani mjini Atlanta ambacho wote wawili walikitaka.

Raundi ya kwanza ya kura za maoni za chama chao ilifanyika Agosti 12. Bond alipata asilimia 47, Lewis 35. Kwa kuwa hakuna aliyefika nusu, walirudi uwanjani wawili peke yao. Lewis aliwaambia wapiga kura wasichague meli ya maonyesho, wachague tagi, chombo kile kidogo kinachosukuma meli kubwa mpaka gatini. Maneno hayo yalikuwa halali, tena mazuri. Halafu, kwenye mdahalo, alimgeukia rafiki yake na kumuuliza kwa nini wasitoke wote wawili wakapimwe dawa za kulevya. Bond alikataa. Septemba 2 Lewis alishinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Wapiga kura weusi wengi walimchagua Bond. Aliyembeba Lewis ni wapiga kura weupe.

Nampenda John Lewis kwa namna ambayo mtu hupenda babu asiyemwona, kwa hiyo nasema wazi: swali lile lilikuwa baya. Hakuweka ushahidi mezani, na swali la aina ile halihitaji ushahidi. Ukimtuhumu mtu utaambiwa thibitisha. Ukimuuliza tu, mzigo wote unamwangukia yeye. Akijibu ameingia mtegoni, akikataa ameonekana ana la kuficha, na wewe uliyeuliza unabaki msafi umekunja mikono. Mtu aliyesimama darajani Selma bila hata fimbo mkononi, siku ile alipata silaha, akaitumia kwa rafiki.

Najua ninachokisema kwa sababu na mimi niliuliza swali.

Ilikuwa 2010, Tanga, katika kura za maoni za udiwani. Rafiki yangu alikuwa anagombea. Tulikuwa tumefundisha pamoja shule moja miaka tisa, tukachangia baiskeli moja ya Phoenix kwa zamu, mmoja akipanda asubuhi mwingine jioni. Mtoto wake wa kwanza nilimpeleka hospitali mimi, usiku wa mvua. Mwaka ule mimi nilikuwa upande wa mgombea mwingine, kwa sababu ambazo wakati ule niliziita za msingi na leo nikizitazama naona ndani yake uchungu wa mtu aliyechoka kuwa wa pili kila mahali, hata kwenye baiskeli.

Rafiki yangu alikuwa mweka hazina wa michango ya wazazi ya madawati. Fedha zilichangwa, madawati yalikuwa hayajafika, na watu walianza kunong'ona. Mimi nilijua sababu. Seremala alikuwa ameugua. Wiki mbili kabla ya mkutano tulikwenda wote wawili nyumbani kwake, na nikaziona mbao kwa macho yangu: mninga, zimepangwa chini ya mwembe, zimefunikwa turubai la bluu lililochanika upande mmoja, na kwenye kila ubao kumeandikwa kwa chaki jina la shule. Nilizigusa. Rafiki yangu alizihesabu mbele yangu.

Katika mkutano, wakati wa maswali, nilinyoosha mkono. Nikasema, kwa adabu kabisa, kwamba wanachama wangependa mgombea awaeleze fedha za madawati ziko wapi.

Ukumbi uliguna. Yeye alinitazama. Alinitazama machoni, muda mrefu kuliko kawaida ya mtu anayetafuta jibu, nami nikainamisha kichwa kwenye karatasi iliyokuwa mapajani mwangu, karatasi isiyo na kitu. Angeweza kusema, "Mwalimu, si tulikwenda wote?" Maneno manne, matano, na ukumbi wote ungenigeukia mimi. Hakuyasema. Alieleza habari za seremala na ugonjwa wake, kwa sauti ya kawaida, na watu hawakumwamini, kwa sababu ukweli unaosemwa baada ya swali la namna ile husikika kama utetezi. Alishindwa kwa kura 11. Madawati yalifika wiki tatu baadaye.

Miaka mingi nilidhani alinyamaza kwa kushtuka. Baadaye, niliposoma habari za chumba kile cha chini cha kanisa, ndipo nilipoelewa kwamba nilimpiga mtu aliyekuwa ananitazama, na kwamba mkono wangu haukuwa mzito hata kidogo.

Hatukugombana. Laiti tungegombana. Kwetu Tanga salamu ni safari: mtu ataulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za kule kwa wakwe, na kila jibu ni njema hata kama si njema. Salamu zetu zilianza kufupika. Habari za watoto zilikatika kwanza, kisha za nyumbani, mwisho ikabaki "Salama?" na "Salama," tukiwa tunatembea, hakuna anayesimama. Kisha akahamia Muheza, laini ikabadilika, na ile "salama" nayo ikaisha.

Tunayo methali ya ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, na wakipatana uchukue kapu ukavune. Nimeitafuta faraja humo nikaikosa, kwa sababu inasema habari za ndugu. Ndugu wakikosana kuna kikao. Kuna shangazi atakayelia, mjomba atakayefoka, kuna harusi ambayo haiwezi kufanyika mpaka wawili hawa wakae mkeka mmoja. Urafiki hauna ukoo. Hakuna mzee anayetumwa kwa ajili ya marafiki, wala hakuna anayekuja kukuambia kwamba imetosha. Mmeunganishwa na hiari tupu, na hiari ikiondoka hakuna hata wa kukuuliza iko wapi.

Mwaka 2009 mzee mmoja wa kizungu, Elwin Wilson, alisafiri kutoka South Carolina mpaka Washington kumwona John Lewis, ambaye sasa alikuwa mbunge wa miaka mingi. Mei 1961, katika kituo cha mabasi cha Rock Hill, Wilson alikuwa mmoja wa waliompiga Lewis akiwa katika Safari za Uhuru, ambamo weusi na weupe walipanda mabasi pamoja kuivunja sheria ya kutengana. Mzee alikuja na mwanawe, akaomba msamaha, akasamehewa pale pale, wakakumbatiana. Lewis alisema hana kinyongo, na ninamwamini. Alikuwa ameshasamehe kabla ya kupigwa. Ndiyo maana ya mazoezi yote yale.

Habari hii inanigusa, lakini kila nikiirudia naona kwamba mwenye kazi ngumu siku ile alikuwa Wilson. Yeye ndiye aliyefungua kinywa. Angeweza kufa na siri yake, kwani Lewis hakuwa hata anamjua kwa jina. Alikwenda akasema: ni mimi, nilifanya hivi, mahali fulani, siku fulani. Katika jambo langu mimi si Lewis, mimi ni Wilson, na ilinichukua muda kukubali hivyo, maana kila anayesoma historia hujiweka upande wa aliyekaa kwenye kiti kirefu.

Lewis na Bond walipatana. Bond alipofariki Agosti 15, 2015, Lewis alisema hadharani kwamba kampeni ya 1986 iliwapitisha mahali pagumu, lakini kwamba miaka mingi nyuma walishatoka huko wakiwa karibu zaidi kuliko mwanzo. Habari ya kugombana kwao ilijaa magazetini. Habari ya kupatana haina picha maarufu, haina tarehe inayoadhimishwa. Namfikiria Lewis, shujaa wa Selma, mtu ambaye mitaa imepewa jina lake, akiwa na simu mkononi, au Bond akiwa ameishika yeye. Kuna aliyeanza. Kuna aliyesikiliza mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu, na tumbo likimkata.

Kiswahili kinatupa neno la kutuokoa katika saa hiyo: yaishe. Nalipenda neno hili na ninaliogopa. "Basi, bwana, yaishe," mtu anasema, na mikono inashikana, na chai inaletwa. Uzuri wake ni kwamba halimtaki mtu ahesabu. Ubaya wake ni huo huo. Yaishe yapi? Aliyekosa na aliyekosewa wanatoka pale wakiwa sawasawa, kana kwamba jambo lilianguka lenyewe kutoka mbinguni likawakuta wamekaa. Mara tatu nilijiandaa kumpelekea salamu rafiki yangu, na mara zote tatu nilichokuwa nimekiandaa ni yaishe. Nilitaka anirudishe nyumbani bila mimi kusema nilitokaje.

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Pongwe. Nilikuwa nimetoka kukabidhi rambirambi nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu. "Shemeji! Umetupotea kabisa." Alikuwa mke wake, nywele zimeingia mvi kwenye paji chini ya khanga. Alinisalimia salamu ndefu, ile ya zamani, hakuruka kitu. Watoto wazima, yule wa kwanza ameshaoa. Nikauliza, na mwenzako? "Yupo, shemeji, mgongo tu unamsumbua. Ana kibanda cha kuchonga fanicha pale Muheza. Alichukua kazi ya yule seremala, alipofariki." Akanitajia namba. Sikuwa na karatasi, nikaiandika nyuma ya bahasha ya mchango iliyokuwa imebaki mfukoni.

Bahasha ile ilikaa juu ya meza siku kumi na moja. Niliisogeza nikila, nikairudisha. Niliandika ujumbe mara kadhaa nikaufuta, kwa sababu ujumbe wa simu una nafasi ya kujificha, na mtu uliyempiga anastahili angalau aone uso wako, au asikie pumzi yako. Jumapili jioni, baada ya mvua, nilipiga.

Iliita muda mrefu. Nilikuwa nakaribia kukata.

"Haloo." Sauti imekuwa nzito zaidi. Nyuma yake kulikuwa na mtu anapiga randa, mvuto mrefu, kisha kimya, kisha mvuto mwingine. "Haloo, nani mwenzangu?"

Nikajikuta nimesimama. Nilimtajia jina langu. Randa ilinyamaza, sijui ni yeye aliyemwashiria kijana wake au ni bahati tu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, salamu zote kwa mpangilio, habari za mgongo, pongezi za harusi ya mtoto. Yote yaliondoka.

"Zile mbao," nikamwambia, "niliziona. Nilizigusa kwa mkono wangu, na niliuliza nikijua."